Nani Mwenye Chuo? Georgetown, Mauzo ya 1838 na Tuhuma ya 1967

Katika barua aliyoiandika Goa mwezi wa Septemba 1542, Fransisko Ksaveri, mmoja wa wenzi wa kwanza wa Ignasi wa Loyola, aliwasimulia nduguze wa Roma mazungumzo aliyokuwa nayo Malindi, merikebu yake ilipotia nanga njiani kwenda Bara Hindi, na muungwana mmoja Mwislamu wa mji ule. Muungwana huyo alimwuliza kama huko kwao makanisa yalikuwa yakijaa na kama watu walisali kwa moyo, kwani hapo Malindi, alisema, uchaji umepoa kiasi cha kwamba katika misikiti 17 ya mjini ni mitatu tu inayoendewa, na hiyo nayo na watu wachache. Ksaveri hakulipa swali lile haki yake. Alilijibu kwa ubishi wa zama zake, kwamba Mungu haridhiwi na sala za wasio Wakristo, kisha akashika safari. Waandishi wa historia ya misheni wakiitaja barua hii huitaja kwa ajili ya jibu. Mimi naitaja kwa ajili ya swali, maana mzee yule alikuwa amekwisha kutambua jambo ambalo wengi wanaojadili leo vyuo vikuu vya Wajesuiti hawajalitambua: ya kuwa nyumba yaweza kusimama, na mihrabu yake na wakfu wake, na mwenye funguo asibadilike, ilhali lile ililojengewa limekwisha kuihama.

Tuhuma ninayotaka kuijadili ni mashuhuri miongoni mwa Wakatoliki wa Marekani, na siku hizi yasikika hata kwetu, japokuwa vyuo vyetu vikubwa vya Kikatoliki, kama kile cha Nairobi kilicho chini ya maaskofu wa Afrika Mashariki na kile cha Mtakatifu Augustino kule Mwanza, vina utawala wa namna nyingine na kwa hiyo mashaka ya namna nyingine. Yasemwa kwamba vyuo vya Wajesuiti vilikuwa vya Kikatoliki kweli kweli maadamu mapadre ndio waliovimiliki na kuviendesha, na kwamba viliipoteza dini yao katika siku chache za Julai 1967, wakuu wao walipokutana mahali paitwapo Land O'Lakes, katika jimbo la Wisconsin, wakatia mkono waraka wa kudai uhuru wa chuo mbele ya kila mamlaka ya nje, ya walei au ya makasisi. Kwa mujibu wa tuhuma hii, kabla ya siku hizo palikuwa na amana, na baada yake pana hiyana.

Habari za mwanzo zajulikana, nami sitakawia nazo: chuo cha Messina 1548, cha Roma 1551, kanuni za masomo zilizotangazwa 1599, Shirika kuvunjwa na Papa Klementi XIV mwaka 1773 na kurudishwa na Papa Pio VII mwaka 1814. Jambo moja tu katika hayo lataka kuangaliwa kwa makini, nalo ni kwamba juu ya mlango wa shule ile ya Roma palibandikwa tangazo kwamba humo hufundishwa sarufi, fasihi na mafundisho ya Kikristo, bure. Neno hilo la mwisho halikuwa pambo. Katiba ya Shirika ilikataza kutoza ada, na chuo kilitazamiwa kuishi kwa wakfu wa mfalme, wa mji au wa tajiri mcha Mungu, ili maskini na mwana wa mkuu waketi ubao mmoja.

Basi na tuuendee mji wa Georgetown, juu ya mto Potomac, ambako John Carroll, aliyekuwa Mjesuiti kabla ya Shirika kuvunjwa na ambaye ndiye askofu wa kwanza wa Marekani, alianzisha chuo ambacho kwa desturi huhesabu umri wake tangu 1789. Maryland haikuwa na mfalme wa kuweka wakfu. Walichokuwa nacho Wajesuiti wa huko ni mashamba, na katika mashamba hayo walikuwamo watumwa, waliobatizwa na mapadre wale wale waliowamiliki. Kwa hiyo tunaposikia kwamba elimu ya Georgetown ilikuwa bure, au karibu na bure, yafaa tujue ni jasho la nani lililotazamiwa kuigharimia. Wala mashamba yale hayakuwa na faida kubwa. Na ijapokuwa mwaka 1833 Roma ilitoa ruhusa kwa Wajesuiti wa Marekani kutoza ada, rais wa chuo, Padre Thomas Mulledy, alikuwa ameazimia kujenga, akakopa na kujenga, hata deni likafika kiasi cha dola 30,000.

Katika hati za Wajesuiti wa Maryland, ambazo sasa zimo katika maktaba ya chuo chenyewe, imo hati ya mauziano ya tarehe 19 Juni 1838. Mulledy, ambaye wakati huo alikuwa mkuu wa Wajesuiti wa jimbo lile, aliwauza watu 272 kwa wanunuzi wawili wa Louisiana, Henry Johnson na Jesse Batey, kwa dola 115,000. Hati hiyo husomwa kama daftari la ukoo. Wa kwanza kuandikwa ni Isaac, umri wake miaka 65. Afuata mwanawe Charles, 40, kisha bintiye Nelly, 38, na hivyo hivyo nyumba kwa nyumba, mpaka watoto wachanga.

Mkuu wa Shirika huko Roma, Jan Roothaan, alikuwa ameridhia mauzo haya kwa masharti: watu hao wasizuiliwe dini yao, mume asitengwe na mke wala mzazi na mtoto, na fedha zisilipe madeni bali ziwekwe kuwa rasilimali ya malezi ya Wajesuiti vijana. Arbuni iliyolipwa ilikuwa dola 25,000. Katika hizo, 8,000 zilikwenda kumaliza dai la zamani la Askofu Mkuu wa Baltimore, na 17,000 zikaingia katika deni la majengo ya Georgetown. Sharti la tatu likavunjwa kabla wino haujakauka, na la pili halikudumu. Kuhusu la kwanza, miaka kumi baadaye Mjesuiti mmoja, James Van de Velde, aliwazuru watu wale kule Louisiana, akawakuta hawana kanisa la karibu wala wa kuwafundisha watoto wao, akaandika Maryland kuwasihi waliowauza wachangie japo kanisa.

Najua nitakaloambiwa, kwamba hizo ni zama zao na kwamba si insafu kuwahukumu watu wa jana kwa sheria ya leo. Hoja hii ningeivumilia kama wangalikuwa hawajui, lakini walijua. Masharti ya Roothaan ni ithibati ya kutosha, na wapo Wajesuiti wa Maryland walioyapinga mauzo yale wazi wazi. Mulledy mwenyewe aliitwa Roma mwaka 1839, akatengwa kwa muda kule Nice, kisha akarejea kuwa rais wa kwanza wa chuo cha Holy Cross, na mwaka 1845 akaketishwa tena kitini pale pale Georgetown. Na tuyaangalie sasa maswali ambayo wenye tuhuma ya 1967 huyauliza juu ya chuo ili wajue kama ni cha Kikatoliki. Rais alikuwa padre? Alikuwa padre. Wenye mali walikuwa nani? Wajesuiti peke yao. Misa, sala, Kilatini, nidhamu, vyote vilikuwapo, wala hapakuwa na mlei hata mmoja mwenye sauti katika utawala. Kwa kipimo chao, mwaka 1838 ulikuwa mwaka mwema.

Ndipo nije kwenye 1967, ambayo siikani uzito wake, ila nakana kwamba ilianza Land O'Lakes. Mwaka mmoja kabla, mahakama kuu ya Maryland, katika shauri lililoletwa na jumuiya ya Horace Mann, ilikuwa imebatilisha ruzuku ya serikali kwa vyuo vitatu kati ya vinne vilivyoshitakiwa, baada ya kuchungua nani anakaa bodini, walimu ni wa dini gani, na ibada ina nafasi gani katika maisha ya chuo. Na Mahakama Kuu ya nchi ikakataa kulisikiliza shauri hilo. Kila rais wa chuo cha Kikatoliki aliyekuwa na maabara ya kujenga aliisoma hukumu ile. Fauka ya hayo, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umekwisha Desemba 1965 ukiwaita walei kushika dhima yao ndani ya Kanisa, na Padre Paul Reinert wa Chuo Kikuu cha Saint Louis alikuwa amekwisha kutangaza bodi yenye walei wengi hata kabla ya mkutano. Haja ya fedha na itikadi njema zilikutana katika njia moja, na mtu asiniambie kwamba aweza kuzipambanua katika moyo wa kila aliyekuwapo.

Watu 26 waliokutana chini ya Padre Theodore Hesburgh wa Notre Dame, ambaye hakuwa Mjesuiti, waliandika waraka ambao washitaki wao husoma aya ya kwanza tu na kuufunga. Lau wangaliendelea, wangaliona kwamba unataka Ukatoliki uonekane na utende kazi ndani ya chuo, na kwamba unaipa teolojia mahali pa katikati, ijadiliane na kila elimu. Kama vyuo vilifuata sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili, hilo ni kosa la vyuo. Wanaolalamika kwamba jambo hilo limetokea mara nyingi, hao nawapa sikio, na Papa Yohane Paulo II aliwapa zaidi ya sikio alipotoa katiba yake juu ya vyuo vikuu vya Kikatoliki, Agosti 1990, akitaka walimu wasio Wakatoliki wasiwe ndio wengi.

Walakini mabishano yaliyofuata aghalabu yalirudi kuhesabu alama. Aprili 2009 Rais Obama alihutubia katika ukumbi wa Gaston pale Georgetown, na kwa kuwa ikulu iliomba nembo za nyuma ya jukwaa zisionekane, herufi za jina la Yesu zilifunikwa kwa ubao uliopakwa rangi nyeusi. Tendo hilo lilikuwa la woga, wala sina neno la kulitetea. Lakini kelele zilizopigwa kwa ajili ya ubao ule zilizidi mno zile zilizokuwa zimepigwa hadi wakati huo juu ya hati ya 1838, iliyokuwa ikisomwa na watafiti mwendo mfupi tu kutoka ukumbini.

Hati hiyo ilipata wasomaji wengi tangu Novemba 2015, wanafunzi walipokaa kitako mbele ya ofisi ya rais wakidai jina la Mulledy liondolewe katika jengo lao la kulala. Rais huyo, John DeGioia, alikuwa mlei, wa kwanza kuongoza chuo cha Wajesuiti nchini humo, tangu 2001. Chini ya mlei huyo na bodi yenye walei wengi ndipo kamati ilipoandika taarifa yake ya 2016. Ndipo Aprili 2017, katika ibada iliyohudhuriwa na wajukuu wa waliouzwa, Wajesuiti walipoomba msamaha kwa vinywa vyao. Na ndipo jengo lile lilipopewa jina la Isaac Hawkins, yule wa kwanza katika orodha. Mtu aweza kusema, tena kwa haki, kwamba chuo kilisukumwa. Nami nasema kwamba zoezi la kuichungua dhamiri, ambalo Ignasi aliwaamuru wafuasi wake kila siku, chuo chenye funguo mikononi mwa mapadre hakikulifanya juu ya jambo hili.

Aprili 2019 wanafunzi walipiga kura, na kama theluthi mbili yao wakakubali kujitoza dola 27 na senti 20 kila muhula, kiasi kilichochaguliwa kwa kukumbuka watu 272, ili zisaidie vizazi vya waliouzwa. Wakuu hawakuitoza ada hiyo. Badala yake waliahidi kukusanya kwa hiari takriban dola 400,000 kila mwaka kwa miradi ya jamii hizo. Kama njia ile ya hiari inatosha, au ni kuukwepa wajibu ambao vijana walikuwa tayari kuubeba, hilo ni shauri la kujadiliwa, na mimi niko upande wa vijana. Katika orodha za dalili za Ukatoliki wa chuo zilizonipitia mikononi, zenye misalaba ya madarasani na idadi ya mapadre, kura ile sijaiona ikihesabiwa.