Beni na bendi

Mtu wa Mgogoni akishuka uwanja wa Gombani siku ya Mapinduzi, ikiwa mwaka huo sherehe zimeletwa Pemba, husikia wimbo wa Taifa ukipigwa na bendi ya askari: matarumbeta yanameta, mashavu yamefura, na uwanja mzima umesimama wima. Muziki wenyewe ulitungwa na Enoch Sontonga, Afrika Kusini, mwaka 1897, na Zambia nao wanautumia kwa maneno yao. Mzambia akipita hapo atadhani anapigiwa yeye!

Hiyo ni bendi. Beni je? Ni neno lile lile la Kiingereza, ila limeingia kwetu mara mbili. Mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Mombasa na Lamu walitazama bendi za kijeshi za wakoloni, wakaigiza gwaride, sare na vyeo, wakaifanya ngoma ya mashindano. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, vyama vya ngoma hiyo, Marini na Arinoti, vilikuwa vimeenea hadi bara. Neno lilidondosha d njiani, likabaki mtaani. Bendi, iliyoingia baadaye, ikashika nafasi rasmi.

Unguja mpaka leo wana beni bati, ya maandamano na vichekesho. Kwa hiyo mwandishi anayeandika “beni ya Polisi ilipiga wimbo wa Taifa” hajakosea asili ya neno, lakini mimi ningemsahihisha. Wimbo wa Taifa husimamiwa. Beni huchezwa, tena kwa kukata kiuno.