Kinachoshikilia Bega: Ujenzi wa Koti la Kiume Nje ya Kanvasi

Uhakiki wa ushonaji wa majaribio katika mavazi ya kiume hupenda kuorodhesha vilivyoondolewa: bitana haipo, pedi za mabega hazipo, pindo zimeachwa bila kukunjwa. Orodha hiyo inapotosha. Koti halikai mwilini bila kitu cha kulishikilia, na fundi anayeondoa kishikizo kimoja hana budi kutafuta kingine. Jaribio lenye uzito ni lile linalohamisha kazi ya kulipa koti umbo. Lile linaloishia kuigeuza mishono nje ni pambo, hata likiuzwa ghali.

Katika koti la kawaida kazi hiyo hufanywa na kanvasi, kitambaa kigumu chenye nywele za farasi kinacholazwa kati ya kitambaa cha juu na bitana. Kwenye lapeli, ukosi unaokunjwa kifuani, fundi huishikiza kanvasi kwa mkono, safu baada ya safu ya michomo midogo ya mshazari, huku ameiviringisha lapeli juu ya kidole ili izoee kupinda. Kila mchomo hunasa uzi mmoja au nyuzi mbili tu za kitambaa cha juu, usionekane nje. Kisha pasi na mvuke huvuta sehemu moja na kukusanya nyingine, mpaka kitambaa bapa kiwe na kifua na mgongo. Hiyo ndiyo elimu iliyoujengea mtaa wa Savile Row wa London heshima yake, na hakuna aliyeiacha kwa mafanikio bila kuijua kwanza.

Walioanza kuiacha hawakuwa wabunifu wa majaribio wa Tokyo wala Antwerp. Mjini Napoli, miaka ya 1930, mkataji Vincenzo Attolini, akifanya kazi katika duka la Gennaro Rubinacci, aliondoa pedi na kuipunguza kanvasi. Mkono wa koti la Kinapoli hukatwa mpana kuliko kwapa lake, kisha hupachikwa kwa marinda madogo kama ya shati. Hapo bega linashikiliwa na kitambaa cha ziada kilichobanwa mshononi. Kazi hii ni ngumu kuliko ya kuweka pedi, kwa kuwa pedi huficha makosa ya mkataji. Giorgio Armani, aliyeanzisha kampuni yake Milan mwaka 1975, aliufikisha ulaini huo kiwandani kwa kutegemea vitambaa vyenye mteremko, vinavyoshuka kwa uzito wake vyenyewe.

Hatua iliyofuata ndiyo inayonishughulisha zaidi, kwa sababu umbo lilihamia mahali ambapo mshonaji hakuwahi kupahesabu kuwa pake: kwenye pipa la rangi. Mjini Bologna, katika miaka ya 1970, mbunifu Massimo Osti alianza kuzitia rangi nguo zikiwa zimekwisha kushonwa. Rei Kawakubo, aliyeanzisha chapa ya mavazi ya kiume ya Comme des Garçons Homme Plus mwaka 1984, ametoa makoti ya poliesta yaliyotiwa rangi kwa njia hiyo, na Carol Christian Poell, Mwaustria anayefanya kazi Milan, ameitumia hata kwa ngozi. Nguo ikichovywa nzima, kila kilichomo ndani yake huitikia kivyake. Uzi wa poliesta haushiki rangi ya pamba, kwa hiyo mishono hubaki kama mistari ya rangi nyingine. Kitambaa hurudi huku uzi ukibaki na urefu wake, na mshono unajikunyata. Mkataji lazima ayajue haya kabla hajashika mkasi: kitambaa kinachorudi kwa asilimia 10 kinadai mgongo wa sentimita 80 ukatwe karibu 89. Pateni yake hailingani na mwili wa mtu yeyote. Inalingana na koti ambalo bado halijatoka kwenye maji.

Ninajua pingamizi litakalotajwa: kwamba kuonyesha tu jinsi nguo inavyoundwa nako ni jaribio. Kwa msimu wa kiangazi wa 1997 mbunifu Martin Margiela alitengeneza, kwa mavazi ya kike, vizibao vya kitani vilivyoiga kiwiliwili cha Stockman ambacho mafundi hupimia nguo. Kazi ile ilionyesha hatua za ushonaji bila kubadilisha kinachoshikilia umbo. Naiheshimu kama hoja juu ya kazi iliyofichwa. Lakini hoja husemwa mara moja ikaeleweka, na makoti mengi ya kiume yaliyofuata, yenye nyuzi za bandi, yaani za mshono wa muda, zilizoachwa makusudi juu ya lapeli, yanairudia juu ya kanvasi, tena ya kugandishwa kwa gundi.

Kuna gharama, hata hivyo, ambayo watetezi wa majaribio haya, nami nikiwamo, tumeitaja kidogo mno. Koti la kanvasi huachiwa akiba ya kitambaa ndani ya mshono wa mgongo, na mwenye nalo akinenepa, fundi yeyote mzuri hulifumua na kulipanua. La Kinapoli pia hufumuliwa. Koti lililochovywa halina ruhusa hiyo, hata likiachiwa akiba ileile: ndani ya mshono rangi haikupenya sawasawa, na ukiufumua unakuta ukanda uliopauka, wenye matundu ya sindano, unaoteremka kutoka kola hadi pindo.