Hadhira Yacheka, Mhakiki Kanuna

Katika uhakiki wa tamthilia tumezoea kuchambua dhamira, wahusika, mandhari na lugha, basi. Hadhira tunaigusa kwa sentensi moja kisha twapita. Hebu tuangalie chapa moja iliyohifadhiwa na British Museum, London: "Hadhira Inayocheka" ya William Hogarth, ya mwaka 1733.

Jukwaa halimo. Chini kabisa wapo wapiga ala watatu, wamekazana na kazi yao, kichekesho hakiwahusu. Nyuma yao kuna kizuizi chenye miiba ya chuma (miiba, ndugu msomaji! Wenye ukumbi waliwaogopa wateja wao wenyewe). Halafu watazamaji wa ukumbi wa chini, wanacheka mpaka sura zimewapinda. Juu, mabwana wawili waliojikwatua hawana hata habari na mchezo: mmoja anamchombeza muuza machungwa, mwenzake anamkaribisha bibi mmoja ugoro.

Ni rahisi kuusoma mchoro huu kitabaka na kuishia hapo. Lakini katikati ya vicheko yumo mtu mmoja kanuna. Wachambuzi humwita mhakiki. Hogarth hakumpandisha juu kwa mabwana. Kambana palepale, bega kwa bega na wanaocheka, na bado hakuona cha kumchekesha. Huyo, kwa maoni yangu, ni sisi. Tena jiulize: anayeutazama mchoro huu kasimama wapi? Kasimama jukwaani. Wote wale wanatucheka sisi!

Karatasi yenyewe ilikuwa stakabadhi. Aliyelipia mapema chapa nyingine za Hogarth, yaani "A Rake's Progress" na "Southwark Fair", alipewa hii. Mteja katoa fedha, karudishiwa sura yake.

Hadhira hiyo haikuwa ya kucheka tu. Mwaka 1809 ukumbi wa Covent Garden, uliojengwa upya baada ya kuungua, ulipandisha kiingilio cha chini kutoka shilingi 3 na nusu hadi 4. Watu wakazomea, wakapiga kengele, wakalipa jukwaa mgongo, usiku baada ya usiku, zaidi ya 60. Isaac Cruikshank na mwanawe George wakachora vurugu hizo, na picha zikauzwa mjini. Waigizaji waliendelea kusema maneno yao bila kusikika. Sasa mhakiki wa matini angeandika nini juu ya usiku ule? Mwezi Desemba meneja wa ukumbi, John Philip Kemble, akasalimu amri: kiingilio cha chini kikarudi shilingi 3 na nusu. Cha vizimba vya juu kikabaki 7.