Msonge na Jumba la Bukindo

Nyumba ya mtawala ni kauli yake: humjulisha mpita njia nani mwenye amri, na amri hiyo imetoka wapi. Huko Uingereza, katika zama za wafalme wanne walioitwa George, tangu 1714 hadi 1830, mabwana wenye ardhi walijenga majumba ya matofali yenye mlango katikati na madirisha yaliyolingana kushoto na kulia, ili kuta zishuhudie uthabiti wa mali yao. Katika kisiwa cha Ukerewe, ng'ambo ya maji kutoka Mwanza, kauli hiyo husomeka katika nyumba za namna mbili.

Ya kwanza ni msonge. Fito zilikitwa kwa duara, zikafungwa kwa kamba za miti, kisha zikaezekwa nyasi. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alimwendea mtawala Lukonge, wa ukoo wa Wasilanga, kuomba mitumbwi ya kuvushia watu wake. Mkubwa huyo mwenye mitumbwi alikuwa mtawala wa nchi ya nyumba za nyasi. Nyasi huoza, haina budi kuezekwa upya na mikono ya watu. Mtawala aliyekimbiwa na watu wake angevujiwa na mvua.

Mwaka 1895 Wajerumani walimwondoa Lukonge. Tangu hapo kiti cha Ukerewe kiliegemea serikali ya wageni, na katika zama hizo za ukoloni likasimama Bukindo jumba la ghorofa lenye baraza, la mtindo wa kigeni. Kuta zake hazikumngoja mwezekaji. Lakini mwaka 1963 serikali huru ya Tanganyika ilipofuta utawala wa machifu, jumba lilibaki na amri ikaondoka. Michael Lukumbuzya, aliyekuwa mtawala, baadaye aliitumikia Tanzania akiwa balozi.

Je, msonge umepotea? Aniceti Kitereza, mzaliwa wa ukoo huo wa Wasilanga, alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za maisha ya wazee wake. Tafsiri yake mwenyewe ya Kiswahili, *Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka*, ilichapishwa mwaka 1980. Maisha yaliyopita ndani ya kuta za nyasi yamehifadhiwa katika maneno.

Basi mwalimu anayewapeleka wanafunzi kulitazama jumba la Bukindo awapeleke pia kwa wazee, wakaandike jina la kila ufito na kila fundo la msonge. Jumba litamngoja mtazamaji wa kesho. Mzee ajuaye majina hayo hatamngoja.