Take Love Easy

Take Love Easy ni albamu ya jazi ya mwimbaji Ella Fitzgerald (1917–1996) na mpiga gitaa Joe Pass (1929–1994), wote wa Marekani. Ilirekodiwa mwaka 1973 na kutolewa mwaka 1974 na Pablo, lebo ya Norman Granz, aliyekuwa pia mtayarishaji wa albamu hiyo na meneja wa Fitzgerald.

Katika nyimbo 9 za albamu hii hamna ngoma, besi wala piano: ni sauti moja na gitaa moja tu. Pass hupiga sauti za besi, kodi na vipande vya melodi kwa pamoja kwenye gitaa lake, huku Fitzgerald, aliyesifika kwa kuimba mbiombio bila maneno, hapa akiimba taratibu na kwa utulivu. Nyingi ni nyimbo za mapenzi za mwendo wa polepole. Wimbo uliobeba jina la albamu ulitungwa na Duke Ellington na John Latouche. "Lush Life", wimbo mwingine wa albamu hii, ni wa Billy Strayhorn.

Wawili hao walitoa albamu nyingine tatu za namna hiyo: Fitzgerald and Pass... Again (1976), iliyompatia Fitzgerald tuzo ya Grammy, Speak Love (1983) na Easy Living (1986).