Kisukari: Kidonda kisichouma ndicho cha kuogopwa

MTU mwenye ugonjwa wa kisukari anaweza kukanyaga mwiba asubuhi, akafanya kazi kutwa nzima na kurejea nyumbani bila kujua kwamba ameumia. Kwa mkulima wa Mkunya, wilayani Newala, aendaye kwenye mikorosho yake pekupeku au kwa kandambili, hatari hiyo ni ya kila siku.

Chanzo chake ni ganzi. Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na maumivu ambayo yangemwonya mgonjwa hayasikiki tena. Aidha, mishipa ya damu huziba taratibu, hivyo kidonda hukosa damu ya kutosha na huchelewa kupona. Vijidudu vikishaingia, mguu unaweza kuoza hadi kulazimika kukatwa. Inakadiriwa kuwa hadi asilimia 85 ya miguu inayokatwa kwa sababu ya kisukari huanza na kidonda.

Mwaka 2005, Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam na wenzake waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wagonjwa wa kisukari nchini waliong'atwa miguu na panya wakiwa usingizini. Ganzi iliwafanya wasihisi meno ya panya.

Daktari huyo ni miongoni mwa walioongoza mpango wa Hatua kwa Hatua, ulioanza Tanzania na katika nchi kadhaa za Asia, kuwafundisha madaktari na wauguzi namna ya kukagua na kutibu miguu ya wagonjwa hao.

Hata hivyo, mkaguzi wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Wataalamu wanashauri yafuatayo:

Kwanza, kagua miguu kila jioni, juu, chini na katikati ya vidole. Asiyeona vizuri amwombe mwanawe au jirani amtazamie.

Pili, osha miguu kwa maji yasiyo ya moto, kisha ikaushe vizuri, hasa katikati ya vidole. Palipo na shida ya maji, kitambaa safi kilicholowekwa kinatosha.

Tatu, vaa viatu vilivyofunika vidole na visivyobana, hata uwapo nyumbani. Kabla ya kuvaa, pitisha mkono ndani kutafuta kokoto au msumari.

Nne, kata kucha kwa kunyoosha, wala usichonge sugu kwa wembe.

Tano, usiote moto kwa kusogeza miguu karibu na jiko, kwani utaungua bila kuhisi.

Sita, lala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Mbali na mbu, husaidia kumzuia panya.

Kidonda, uvimbe, joto lisilo la kawaida, harufu au ngozi kubadilika rangi ni dalili za kwenda hospitali siku hiyohiyo. Anayengoja maumivu kwanza huenda asiyapate kamwe, na siku anazopoteza akijaribu dawa za nyumbani ndizo zinazoamua iwapo mguu utabaki.

Siku ya Kisukari Duniani, Novemba 14, huangukia katika msimu wa korosho, wakati ambapo wakulima wa Newala na Masasi huinama chini ya mikorosho kuanzia alfajiri. Korosho ikishaanikwa, dakika tano za kuangalia nyayo si nyingi.