Fahamu vimiminika vya ioni na matumizi yake katika kupaka metali kwa umeme

Bolti mbili za ukubwa mmoja, zote zikiwa zimepakwa zinki, zaweza kutofautiana sana katika kustahimili kutu. Tofauti hiyo huonekana mapema zaidi katika maeneo yenye unyevu mwingi kama Kata ya Ipyana, Wilaya ya Kyela, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka. Bolti iliyozamishwa katika zinki iliyoyeyushwa, kwa joto la takriban nyuzi 450 za Selisiasi, hubeba tabaka la mikroni 45 au zaidi. Iliyopakwa kwa umeme kwa kawaida hubeba mikroni 5 hadi 12. Mnunuzi huvutiwa na ile inayong'aa, nayo mara nyingi ndiyo yenye tabaka jembamba.

Kupaka kwa umeme hata hivyo kuna nafasi yake. Hutumika pale ambapo tabaka nene lingeziba meno ya bolti au kuharibu vipimo vya kifaa. Bolti huunganishwa na ncha hasi ya umeme na kutumbukizwa katika maji yaliyoyeyushwa chumvi ya zinki, na kipande cha zinki huunganishwa na ncha chanya. Umeme unapopita, chembe za zinki zilizomo katika maji husafiri na kuganda juu ya bolti.

Ugumu ni kwamba zinki haigandi kwa usawa. Sehemu iliyoinuka kidogo huvuta umeme mwingi zaidi, hivyo huzidi kuinuka, na mwishowe tabaka huwa na vinundu na matundu ambamo maji hupenya hadi kwenye chuma. Aidha, sehemu ya umeme hupotea kwa kuzalisha mapovu ya haidrojeni. Kwa miaka mingi viwanda vimepunguza kasoro hizo kwa viongezi, kikiwemo kimoja cha kushangaza kidogo: gundi itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama.

Vimiminika vya ioni ni viongezi vya kizazi kipya. Hizi ni chumvi ambazo huwa kimiminika katika joto lisilozidi nyuzi 100. Chumvi ya mezani huyeyuka kwa nyuzi 801, lakini mwaka 1914 mkemia Paul Walden alieleza chumvi ya nitrati inayoyeyuka kwa nyuzi 12 tu. Katika majaribio ya maabara, miligramu chache za chumvi za aina ya imidazoli kwa kila lita ya maji ya kupakia zimetosha kuleta mabadiliko. Ioni zake zenye chaji chanya huvutwa kuelekea bolti na kung'ang'ania zaidi vile vinundu, hivyo zinki hulazimika kujaza mabonde. Tabaka huwa laini na lenye punje ndogo zilizoshikamana, na umeme unaopotea hupungua.

Njia nyingine ni kuondoa maji kabisa na kupakia ndani ya kimiminika chenyewe. Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Andrew Abbott wa Chuo Kikuu cha Leicester, Uingereza, walieleza mchanganyiko wa kolini kloridi na urea, jamaa wa karibu wa vimiminika vya ioni. Urea ni ile ile anayoijua mkulima wa mpunga wa Kyela, na kolini huongezwa katika chakula cha kuku. Michanganyiko ya jamii hiyo imewezesha kupaka kromi kwa kutumia kromi ya daraja la tatu, badala ya ile ya daraja la sita inayosababisha saratani.

Bei bado ni kikwazo kikubwa. Isitoshe, kiongezi huboresha ubora wa tabaka. Hakigeuzi mikroni 5 kuwa 45. Wala hakisafishi majitaka: zinki, kromi na, katika baadhi ya mitambo, sianidi, hubaki humo. Zaidi ya hayo, baadhi ya chumvi za imidazoli, hasa zenye minyororo mirefu ya kaboni, ni sumu kwa viumbe wa majini na huoza kwa shida. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo hupita katika mashamba ya mpunga kabla ya kumwaga maji katika Ziwa Nyasa. Kwa sababu hiyo, karakana yoyote ya upakaji katika bonde hilo inapaswa kutibu majitaka yake kabla ya kuyatoa nje, hata ikitumia viongezi vya kisasa kiasi gani.

Mwananchi anayenunua bolti za paa au za mtumbwi anashauriwa kumuuliza muuzaji namna zilivyopakwa na unene wa tabaka, na kuhifadhi risiti. Anayekusudia kuingiza, kuhifadhi au kutumia kemikali za upakaji anatakiwa kufuata Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani, Sura ya 182, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa wakazi wa Kyela, huduma za mamlaka hiyo hupatikana katika ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, jijini Mbeya.